Risasi Nzito kwa Yadi Mia Tisa

Jumatano, 1 Juni 1955

Naanza kuandika leo ili mtu akija kubisha mwezi wa nane niwe na tarehe zangu. Mjini hapa nimeshabishiwa mengi. Walibisha kwamba lori ni langu mpaka nikawatolea kadi ya gari. Walibisha kwamba nilipiga bunduki Burma, wakasema labda nilikuwa mpishi. Haya.

Habari yenyewe ni hii. Klabu ya shabaha ya hapa Mtwara itapeleka watu wanne Lindi, Jumapili ya mwisho ya Agosti, kushindana kwa yadi mia tisa. Watatu wanajulikana, ni Wazungu wa bandarini. Nafasi ya nne tunaigombea wawili, mimi na Abdulhussein, mwenye duka la vyuma Mikindani. Meja, ambaye ndiye mkubwa wa klabu, amesema kuanzia Septemba zitabaki nje bunduki nne tu, za hao wanne. Nyingine zote zirudi ghalani zifungiwe.

Abdulhussein akirudisha ya klabu anayo yake ya kuwindia nyumbani. Mimi nikirudisha sina nyingine, na kibali cha kununua nilishaomba mara mbili nikaambiwa nitafikiriwa. Tena hii niliyo nayo nilipewa ikiwa gogo. Mti wake ulikuwa umepasuka, mtutu unacheza kama jino la mtoto. Niliuchonga mti mpya wa mninga kwa mikono yangu, nikaukalisha mtutu mpaka karatasi haipiti. Leo ndiyo bunduki iliyonyooka kuliko zote pale, na kila mtu anajua, ila hakuna anayesema.

Jumapili, 5 Juni

Kiwanja, nyuma ya Shangani. Kusi imeanza, inatoka kulia. Risasi kumi, kila moja ikiingia kwenye kiini inakupa tano. Mimi 41. Abdulhussein 42.

Zote zilizonipotea zilikwenda kushoto. Ni upepo tu, si mkono wangu.

Jumanne, 7 Juni

Nimepeleka saruji Mikindani, nikapita dukani kwa Abdulhussein. Nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu njiani. Waingereza hupima kichwa cha risasi kwa punje, kama mtu anayepima ngano. Hizi za jeshi tunazopewa na klabu ni punje 174. Jedwali la Meja linasema kwa yadi mia tisa, kusi ya kawaida inakisukuma kichwa hicho futi nane na nusu. Kichwa cha punje 190, kirefu, chembamba mbele na kilichopunguzwa nyuma, kinasukumwa futi saba. Futi moja na nusu ndiyo tofauti ya kiini na aibu.

Abdulhussein alikuwa amekaa nyuma ya kaunta na kanzu yake nyeupe, haina hata doa, katikati ya misumari na minyororo. Sijui hufanyaje. Mama yake, Batulbai, alikuwa pembeni anapanga makufuli.

"Bwana Abdulhussein," nikamwambia, "unaweza kuagiza risasi nzito kutoka Nairobi?"

"Nzito kiasi gani?"

"Punje mia na tisini."

Akacheka. "Bega lako la chuma? Zile zinapiga mateke."

"Bega langu lilibeba magunia kabla halijabeba bunduki."

"Tena zinatoka polepole. Utalazimika kupandisha lengeo juu sana."

"Kupandisha ni hesabu," nikasema. "Upepo ndio bahati nasibu. Mimi nachukua hesabu."

Akafungua daftari lake la maagizo. Kisha akasema ataagiza kasha moja la mia mbili, mia zangu mia zake.

Batulbai akasema kutoka kwenye makufuli: "Athumani, wewe unamfundisha mwanangu akushinde?"

Tukacheka wote watatu. Nikiwa garini nikaacha kucheka. Kwa nini amekubali upesi hivyo?

Ijumaa, 10 Juni

Chumvi, safari mbili. Tairi.

Jumapili, 19 Juni

41 tena. Abdulhussein 41. Risasi zetu bado hazijafika. Au zimefika na mtu anazipangapanga.

Jumamosi, 25 Juni

Zimefika. Abdulhussein amenifungulia kasha mbele ya macho yangu, amesema: "Chagua upande wowote." Nikachagua upande wa kushoto. Akasema, "Nilijua utachukua kushoto." Nikataka kubadili nichukue kulia. Nikaona haya.

Nzuri ajabu. Vichwa virefu kama vidole vya mwanamke, shaba inang'aa. Nimepita kwa sonara, nikamwomba mizani yake ya dhahabu, nikapima ishirini moja moja huku ananing'unikia. Tofauti kati ya nzito na nyepesi kabisa haifiki punje mbili. Kwa hiyo uzito hauna ubaya. Hilo nimelithibitisha mwenyewe.

Jumatatu, 27 Juni

Hapa Chuno ninapokaa, chuma hakidumu. Chumvi ya baharini inakula bawaba, inakula sufuria, mwaka jana ilikula bomba la mafuta ya lori. Risasi za klabu hutolewa ghalani asubuhi ileile ya kupiga, hizi zangu zitalala kwangu wiki nane. Nimemwomba mke wangu Somoe mafuta ya nazi, nikazifuta zote mia, moja baada ya nyingine, kama ninavyofuta vyuma vya gari. Somoe akasema, "Baba Hadija, binti yako kichwa kikavu, risasi zinapakwa mafuta." Nikamwambia binti yangu haendi Lindi.

Jumapili, 3 Julai

Siku mbaya.

Nilipandisha lengeo, kile kibao cha kulengea chenye alama ubavuni, kama hesabu ilivyonipa: alama nne juu ya pale pa risasi za jeshi. Nikalala chini, nikavuta pumzi, nikapiga. Shimoni chini ya ubao anakaa Mussa, ndugu yake Somoe, ndiye anayeshusha ubao, kuutazama, na kutuonyesha kwa fimbo risasi ilipoingia. Fimbo ikapanda juu kabisa. Mbili. Nikashusha alama moja. Ya pili juu tena, tatu. Nikashusha nyingine. Ya tatu ikaingia kiini. Nikasema haya, sasa tumeelewana. Ya nne ikaruka ubao mzima, Mussa akapunga kibendera chekundu.

Waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Mmoja wa Wazungu akasema kitu, Meja akamnyamazisha.

31.

Abdulhussein, risasi zilezile, kasha lilelile: 45.

Baada ya kumaliza nilikwenda shimoni kwa miguu kuutazama ubao, nikaupima kwa rula. Kwa upana matundu yangu yamekaa ndani ya inchi kumi na nne. Kwa upana hakuna aliyenifikia, hata Wazungu. Kwa urefu yametawanyika inchi hamsini na mbili. Maana yake nilikuwa sahihi juu ya upepo. Risasi nzito zinakataa upepo. Kuna kitu kingine kinachozipandisha na kuzishusha, nacho si mkono wangu, kwa maana mkono ukitetemeka unatetemeka pande zote.

Kitu kinachopandisha na kushusha ni baruti. Baruti nyingi, risasi juu. Baruti kidogo, risasi chini. Na kasha lilikaa kwa nani kabla sijaitwa? "Nilijua utachukua kushoto."

Jumatano, 6 Julai

Sijamwambia mtu. Nimepita Mikindani mara mbili bila kusimama. Mara ya pili Batulbai alinipungia mkono. Nikapiga honi tu.

Jumapili, 10 Julai

32. Juu, chini, juu. Abdulhussein 44.

Nilimfuata alipokuwa anakunja mkeka wake. Nikamwambia bila kuzunguka: "Tubadilishane. Zilizobaki zangu uchukue wewe, zako nichukue mimi."

"Kwa nini?"

"Kama ni sawasawa, kuna kwa nini gani?"

Alinitazama sana. Akasema, "Athumani, hilo ni neno zito."

"Ni risasi nzito."

Hakucheka. Akasema sawa, tukabadilishana pale pale, themanini kwa themanini, Meja akitazama kwa jicho la pembeni. Abdulhussein alipoishika ya kwanza ya zangu alitazama vidole vyake, kisha akanitazama mimi, kisha akazifunika. Nimeliona hilo nikaliweka. Mtu asiye na lake angetazama vidole vyake kwa nini?

Zake nimezileta nyumbani, ni kavu kabisa, zimeanza kufifia mng'aro. Hajui kutunza kitu. Nimezifuta mafuta zote.

Jumapili, 17 Julai

33. Kwa risasi zake!

Yeye 45. Kwa risasi zangu!

Nimekaa kwenye lori baada ya hapo nikashindwa kuwasha gari. Kama ubaya ungekuwa kwenye risasi, ungehama nazo. Haukuhama. Umebaki kwangu. Basi kilichobaki ni nini? Bunduki haina kosa. Wiki iliyopita Meja aliniruhusu risasi tano za jeshi, nikazipiga kwa bunduki hiihii, zikakaa pamoja kama mayai kwenye kiota. Mkono hauna kosa. Amebaki mtu mmoja tu kati yangu na alama zangu.

Aliyeko shimoni.

Jumatatu, 18 Julai

Mussa anafanya kazi bandarini chini ya Meja. Mussa alijenga nyumba yake kwa mabati aliyoyapata kwa nani? Duka la Mikindani. Somoe mwenyewe alinieleza kwamba alipunguziwa. Mimi nilidhani ni wema.

Jumapili, 24 Julai

Kabla ya kuanza nilimwendea Meja nikamwomba shimoni awekwe mtu mwingine. Akaniuliza sababu. Nikasema Mussa ni shemeji yangu, isije ikasemwa ananipendelea. Nililiona ni neno la busara.

Mussa hakulichukua hivyo. Alinijia mpaka usoni.

"Shemeji, ingekuwa kweli unahofia nakupendelea, ningecheka. Lakini nimekuona ulivyokuja kupima ubao kwa rula. Unadhani nahamisha matundu?"

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Wewe huwa husemi, unapima. Nitatoboaje ubao kwa risasi nikiwa chini yake, kwa meno?"

Watu wakaangua kicheko. Kweli, kwa meno haiwezekani.

Lakini fimbo? Fimbo inaweza kuonyesha popote. Ingawa ubao niliupima mwenyewe.

Akakaa askari mmoja shimoni. Nikapata 32.

Jumamosi, 30 Julai

Idi. Abdulhussein na watu wake, wanaofuata kalenda yao, walishakula yao kabla yetu, na mwaka huu hakuleta sinia. Kila mwaka huleta. Mussa naye hakuja kula kwetu. Somoe alipika wali wa watu wengi tukala wachache. Hadija akauliza mjomba yuko wapi. Somoe akasema, "Muulize baba yako, ana rula."

Jumapili, 7 Agosti

Sikwenda kiwanjani. Lori halina ubovu. Niliwaambia limeharibika.

Nimeamua hivi: risasi nzito nitaziacha. Ubishi umenishinda, nitarudia za jeshi, punje 174, nichukue 41 zangu na upepo wangu. Kisha nikakaa na kalamu. Abdulhussein kwa nzito hashuki 44. Mia na sabini na nne haziwezi kunipa 44 katika kusi ya Agosti, hata nikiwa nani. Kuziacha ni kurudisha bunduki tu, kwa adabu.

Jumapili, 14 Agosti

Naandika yote, kwa utaratibu.

Nilikwenda na nzito. Risasi nne za kwanza: tatu, tano, mbili, kibendera chekundu. Nilikuwa nimeshashusha lengeo alama tatu toka mwanzo wa msimu, na bado nyingine zinaruka. Nikasimama katikati ya zamu yangu, jambo ambalo halifanywi, nikaweka bunduki chini, nikamgeukia Abdulhussein mbele ya Meja, mbele ya wote.

"Niambie ulichokifanya," nikasema. "Sitakushitaki. Nataka kujua tu."

"Mimi? Nilichokifanya mimi?" Sauti yake ilipanda, sijawahi kuisikia imepanda. "Wewe ndiye utakayeniambia! Mwezi mzima nakaa kimya kwa heshima ya chumvi tuliyokula. Ulinibadilishia risasi zako zikiwa zimelowa mafuta, ukadhani sitaona?"

"Mafuta?"

"Mafuta! Ya nazi! Yananuka kama jikoni. Nimeharibu leso saba kuzifuta. Mama yangu akaniuliza, mwanangu, siku hizi unapiga risasi au unakaanga?"

Watu walicheka lakini yeye hakucheka. Akaendelea:

"Ulijua risasi yenye mafuta hupanda juu. Ukaniletea themanini ili nikose, nikose nafasi, uende wewe. Nikajisemea, Athumani ana shida ya bunduki, nimsamehe. Lakini leo unanisimamia wewe, unaniuliza mimi!"

Nikamwambia: "Risasi yenye mafuta hupanda juu?"

Hata Meja alikuwa anatutazama kama watu wawili waliovuliwa nguo.

Meja ndiye aliyenieleza, kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja, nami nilimwelewa vizuri sana. Baruti ikilipuka, ganda la shaba hutanuka na kushika ukuta wa mtutu. Ganda kavu linashika, halirudi nyuma. Ganda lenye mafuta halishiki, linateleza, linaupiga mlango wa bunduki kwa nguvu yote, bunduki inatingishika, risasi inapanda. Mafuta mengi inapanda sana, mafuta kidogo inapanda kidogo. Uingereza mvua ikilowesha risasi huwa hivyohivyo. Akaniuliza nani aliyenifundisha kupaka.

Nani alinifundisha! Nani hapaki mafuta mji huu? Tunapaka makufuli, tunapaka panga, tunapaka watoto.

Zile za jeshi sikuwahi kuzipaka kwa sababu hazikuwahi kulala kwangu. Nzito nilizipaka kwa sababu nilizipenda.

Abdulhussein aliuona uso wangu. Hasira ilimtoka, nikaiona ikimtoka. Akasema polepole, "Wewe hukujua."

"Na wewe," nikasema, "leso saba na hukuniuliza."

"Ungenijibu?"

Alikuwa anafunga mkeka wake. Akaniambia, bila kunitazama: "Zikaushe kwa kitambaa na petroli, mpaka zilie. Kisha lengeo ulirudishe juu, pale pale pa hesabu yako ya kwanza. Alama nne. Hesabu yako ilikuwa sawa siku zote."

Jumanne, 16 Agosti

Nimezikausha. Zimebaki hamsini na sita. Zinalia kweli, ukizipitishia kidole zinalia kama sahani.

Nilimngoja Somoe aseme juu ya mafuta. Alitazama chupa, akaitazama tena, akaenda zake akicheka ndani ya mtandio.

Alhamisi, 18 Agosti

Jumapili ndiyo siku ya kuamua, mimi na yeye, risasi kumi kumi, na Meja amekataa risasi za kujaribia. Anasema vitani hupewi za kujaribia. Kiwanja hakifunguliwi kabla ya hapo.

Kwa hiyo niko hivi. Kukausha nimekausha, hilo Meja alilithibitisha. Lakini alama nne? Hilo Meja hakulisema. Alilisema Abdulhussein peke yake, huku anafunga mkeka, huku hanitazami. Naye ndiye ninayegombea naye. Kama mimi ningekuwa yeye, ningemwambia Athumani alama nne?

Hesabu yangu ya Juni ndiyo inasema nne. Lakini hesabu hiyo sijaiona ikipiga hata mara moja ikiwa kavu.

Ijumaa, 19 Agosti

Sijakula vizuri. Nne, au moja nilipo sasa?

Jumapili, 21 Agosti

Niliweka alama mbili na nusu. Katikati. Nilijiambia ni busara, anayekaa katikati hapotei sana upande wowote.

Kusi kali, vumbi la chumvi linapita chini chini. Nikalala, nikavuta pumzi, nikaachia. Ilikuwa risasi safi kuliko zote nilizopiga mwaka huu, niliijua ilipotoka. Nikaona mchanga ukiruka mbele ya ubao. Chini. Kibendera chekundu, polepole, kama mtu anayepunga kwaheri.

Sikumtazama mtu. Nikapandisha mpaka nne.

Tisa zilizobaki: tano, tano, tano, nne, tano, tano, tano, tano, nne. Meja mwenyewe alikuja kusimama nyuma yangu. Kwenye ubao zilikaa kama zimepigwa msumari na seremala.

43.

Abdulhussein 44.

Ile ya kwanza ingegusa hata ukingo tu wa ubao ingekuwa mbili, ningekuwa mimi.

Alikuja akanishika mkono. Akasema, "Uliweka ngapi ya kwanza?" Nikamwambia mbili na nusu. Akafumba macho kidogo. Ningefurahi kama angenitukana.

Jumatatu, 22 Agosti

Nimerudisha bunduki. Nilidhani itaingia ghalani. Meja akaishika, akaupapasa mti wa mninga, akasema Abdulhussein asiende Lindi na ile yake iliyochoka, aende na hii, na ataishika yeye toka sasa. Abdulhussein alikuwa amesimama pale pale. Aliona haya, lakini alinyoosha mikono.

Akaniuliza, "Inapigaje?"

Nikamweleza. Alama nne kwa nzito, kwa kusi ya wastani aende kulia futi saba, asikaze mkanda sana, mti wake haupendi. Yeye aliniitikia tu kwa kichwa kila neno, kisha akageuza lengeo pale pale, akaliweka nne, akaliacha.

Hakuuliza mara ya pili. Hakumwuliza Meja. Mtu niliyemwita mwizi mbele ya watu wiki moja iliyopita.

Kuna jambo moja sikumwambia. Sikuwa nimeliandika hata humu, kwa sababu Hadija sasa anajua kusoma. Risasi ya kwanza kabisa ya siku, mtutu ukiwa baridi, bunduki ile huitupa futi moja kulia. Moja tu, kisha inatulia. Mimi huifidia bila kufikiri. Nimeilea, naijua.

Hakuuliza. Si kazi yangu kujibu lisiloulizwa.

Alhamisi, 25 Agosti

Makopa, Kilambo. Wapakizi wavivu.

Naendelea kusema si kazi yangu.

Jumamosi, 27 Agosti

Leo ndio wameondoka. Nilitakiwa Kilambo alfajiri, mihogo ya watu inangoja. Nilifika njia panda, badala ya kukata kwenda Kilambo nikaona lori linakwenda Mikindani. Somoe alikuwa pembeni yangu, nilikuwa nampeleka kwao. Hakuniuliza tunakwenda wapi.

Gari la klabu lilikuwa mbele ya duka, injini inanguruma. Mussa alikuwa nyuma juu ya mizigo, wamemchukua akakae shimoni huko. Alinitazama akageuka upande. Abdulhussein alikuwa na mguu mmoja ndani.

Nikamwambia kupitia dirishani, bila salamu: "Risasi ya kwanza, mtutu ukiwa baridi. Inakwenda kulia futi moja. Ya kwanza tu."

Akanitazama. Akageuka mlangoni kwa mama yake.

"Umeshinda wewe," akamwambia.

Batulbai alikuwa anafunga vitumbua kwenye kitambaa. "Nilimwambia utakuja leo asubuhi," akaniambia. "Yeye alisema utakuja juzi. Hakujui vizuri."

"Mlijuaje kuna kitu?" nikauliza.

"Athumani," akasema Abdulhussein, "toka nikujue, hujawahi kumpa mtu hesabu yote kwa siku moja."

Gari likaondoka. Batulbai akamtilia Somoe vitumbua mkononi. Somoe alivila njia nzima ya Kilambo bila kunipa, ila kimoja cha mwisho.

Jumatatu, 29 Agosti

Mussa amekuja jioni, mwenyewe, mara ya kwanza toka Julai. Akakaa barazani. Akamwomba Somoe chai. Mimi nikajifanya nafunga kamba za turubai.

"Lindi wameshinda," akasema. "Kwa alama tatu. Lakini mtu wetu wa nne aliwazidi wote. Arobaini na saba."

Nikafunga fundo, nikalifungua. "Kuna mtu aliuliza bunduki ni ya nani?"

"Waliuliza mti umechongwa na nani. Abdulhussein akawaambia fundi wake hauzwi."

Nikakaza kamba nyingine.

"Ya kwanza?" nikauliza.

"Ya kwanza ilikuwa kiini. Katikati kabisa, shemeji."

"Nani aliitazama shimoni?"

Somoe alisimama na kikombe mkononi. Mussa akanitazama kwa muda, kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mimi," akasema.

Nimeiandika tano.